Shina Kwanza

Shangazi Orpha huliuliza shina kabla ya ua.
Ua, asema, humchekea kila apitaye.
Shina halichekei mtu.

Kentucky nzima ilikuwa manjano wiki ile:
manjano kando ya reli, manjano nyuma ya kanisa la Wabatisti,
manjano ndani ya lori bovu la akina Hensley lisilo na kioo.
Watu walipiga chafya wakaulaumu ufito wa dhahabu,
nao hauna kosa; chavua yake nzito, haipandi upepo,
hungoja nyuki.
Mkosaji ni gugu la kijani lililosimama ubavuni pake,
lachanua bila kujitangaza.
Nani atamshuku asiyevaa dhahabu?

Tulivua viatu tukaingia Kijito cha Tolliver,
yeye mbele, lenzi shingoni kwa kamba ya kiatu,
mimi nyuma na daftari,
mawe yakiteleza kama sabuni iliyosahauliwa majini.
"Si wote ni ndugu?" nikasema.
"Ndugu ndio kazi," akajibu. "Mgeni hujulikana kwa mbali."

Mmoja alinizidi kimo. Akampitishia kidole gumba,
unga mweupe ukafutika shinani kama ule wa zabibu mbivu.
"Jitu. Mwache."
Wa pili alikuwa na vinyweleo toka kiunoni hadi shingoni.
"Huyu yuko kila mahali. Ng'ambo ya bahari wamemchoka."
Wa tatu amekwisha kuzeeka, mbegu tayari mvi,
majani mapana bado yamelalia ardhi:
huyu huja karamuni kabla ya mwenyeji kuoga.
Na yule wa majani yenye mikunjo,
kiganja cha mtu aliyefua kutwa,
hakumgusa hata. Alimwamkia kwa kichwa.

Kisha changarawe, chini ya mwamba,
mahali ambapo mafuriko ya Februari hupita na magogo yao.
Hapo, mashina kumi na saba. Nilihesabu mara mbili.
Mafupi, yameinama upande mmoja
kama watu wanaosikiliza habari ukutani.
Maji huyapiga kila mwaka,
na maji hayo hayo huing'oa miti
ambayo ingeyanyima jua.
Hatua nne kando yake, vigingi vya rangi ya chungwa:
watu wa barabara, na daraja lao.

Akapiga magoti majini. Lenzi. Kimya kirefu.
"Andika. Shina laini, halina unga.
Vinyweleo haba, kwenye matawi ya maua tu.
Jani jembamba, halifiki upana wa kidole changu.
Mishipa mitatu, miwili yaonekana kwa shida.
Meno machache, karibu na ncha."
"Niandike na jina?"
"Andika unachokiona. Jina lina miguu yake."

Mtaalamu wa Lexington alikuwa ametaka mmea mzima,
na mzizi wake, ndipo aamini.
Shangazi alikifungua kisu, akakaa juu ya jiwe.
Tulikula mikate yetu, kisu kikiwa wazi pajani pake.
Mwishowe alikata tawi moja la maua na majani mawili,
akayalaza ndani ya kitabu cha simu,
baina ya akina Napier na akina Noble.
"Atanuna," nikasema.
"Anune. Kumi na saba si shamba."

Jibu lilifika Desemba, mstari mmoja:
Huenda. Leteni mzizi.
Hakulijibu. Alilibandika kwenye jokofu,
chini ya sumaku ya posta alikofanya kazi miaka thelathini
akizitofautisha bahasha za Clay Combs watatu
wasiohusiana.

Februari maji yalipanda hadi kwenye bawaba za ghala.
Aprili tulirudi. Vigingi viwili havikuwapo.
Changarawe ilikuwa imehama, mwamba umeoshwa,
na pembeni, machipukizi mekundu, urefu wa njiti ya kiberiti,
bila ua, bila jani la kusemea.
Yaweza kuwa yeyote katika ukoo.

Shangazi akafumba macho, akanyoosha kidole gumba.
Nikafungua daftari,
nikangoja.